Waridi la Majani Likilala, Liachwe Lilale

Kila ufikapo mwisho wa Desemba, mvua zinapopungua na vumbi jekundu linapoanza kutua juu ya mabati ya nyumba za Mpumudde, huonekana jambo la kushangaza katika baadhi ya baraza za mji wa Jinja. Mmea uliokuwa umefunguka kama sahani ya kijani huanza kujikunja. Majani ya pembeni hukauka yakawa kama karatasi, nayo ya katikati hukumbatiana mpaka mmea wote ukafanana na tumba la waridi lisilotaka kuchanua. Mwenye nyumba akiutazama hudhani unakufa kwa kiu. Huchukua kopo la maji akaunywesha asubuhi, na jioni akarudia tena. Baada ya wiki chache mmea huwa umekufa kweli, lakini haukuuawa na kiu. Umeuawa na maji.

Kisa cha mama mmoja wa Mpumudde chaweza kuwa kisa cha nyumba nyingi za askari. Mama huyo aliishi katika kwota pamoja na mumewe, sajini wa jeshi, na watoto wao watatu. Mwezi wa Septemba jirani yake, mke wa polisi, alipata habari kwamba mumewe amehamishiwa Mbale. Wanawake hao wawili walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta kwa miaka sita, wakasaidiana katika uzazi na katika misiba, na kuleleana watoto waume zao walipokuwa kazini mbali. Siku ya kufunga mizigo, jirani aligawa mmea alioupenda kuliko vyote, akatoa kichwa kimoja pamoja na machipukizi mawili madogo yaliyoshikana nacho, akakitia katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Akasema, "Dada yangu, hiki ndicho kitakachokaa mahali pangu. Ukitunze."

Mama akakitunza. Mwezi wa Oktoba na Novemba mmea ulinenepa hata wapita njia wakasimama kuutazama. Ilipofika Desemba ukajifunga. Hapo ndipo upendo ulipomponza, kwani kila alipouona umejikunja alimkumbuka jirani yake, na kila alipomkumbuka aliumwagia maji.

MMEA WENYEWE

Yafaa ifahamike kwanza kwamba mmea unaozungumzwa hapa si mwaridi wa bustani wenye miiba. Ni mmea wa majani manene yaliyojaa maji, ambayo yamejipanga kwa duara, moja juu ya jingine, hata ukitazamwa kutoka juu hudhaniwa ni ua. Jamii yake huitwa na wataalamu Crassulaceae, nao ni ndugu wa kiyondo, mmea unaojulikana sana katika nyumba za Uganda.

Mashuhuri katika jamii hiyo ni mimea iitwayo Aeonium, jina litokalo katika Kigiriki lenye maana ya kitu kidumucho milele. Mingi asili yake ni Visiwa vya Canary vilivyo chini ya Hispania, katika bahari ya magharibi mwa Afrika. Mmoja wao, Aeonium dodrantale, kwao porini ni katika kisiwa cha Tenerife peke yake, na ndio hasa ujifungao kama tumba la waridi wakati wa kulala.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba mimea hii yote ni wageni. Aeonium leucoblepharum ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Hupatikana Yemeni, Ethiopia na Somalia, na hufika mpaka Kenya na Uganda, ukishikilia miamba ya milimani. Jina lake la pili maana yake ni "kope nyeupe", kwa ajili ya vinyweleo vyeupe vilivyopanga mstari pembezoni mwa majani yake kama kope za jicho.

Aidha, mimea hii isichanganywe na ule uitwao waridi la jangwani, Adenium obesum, wenye shina lililofura na maua ya rangi ya waridi. Utomvu wa Adenium ni sumu, na katika sehemu kadhaa za Afrika ulitumiwa kupaka mishale. Wenye watoto wadogo wasiuweke mahali mikono yao inapofika.

KWA NINI HULALA

Mmea uliozaliwa juu ya mwamba hauna udongo wa kutosha kuweka maji ya akiba. Kwa hiyo akiba yake huwekwa ndani ya majani. Mvua inaponyesha hunywa upesi, hukua upesi, na hujaza ghala. Mvua ikikatika huacha kazi ya kukua. Majani ya nje hutolewa mhanga: maji yake huvutwa kuelekea katikati, nayo hukauka na kuwa ngao ya kuukinga moyo wa mmea na jua. Mizizi midogo midogo nayo hupumzika, wala haivuti tena maji kama ilivyokuwa ikivuta.

Mimea hii ina desturi nyingine ambayo askari ataielewa kwa urahisi. Mimea ya kawaida hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili ivute hewa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi. Mingi ya jamii hii hufunga vitundu hivyo wakati wa jua kali na kuvifungua usiku, hewa inapokuwa baridi. Hewa iliyovutwa usiku huwekwa akiba, ikatumiwa kutengeneza chakula kutakapopambazuka. Ni kama mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye jirani asiyejua saa zake humwona mchana amefunga mlango akadhani ni mvivu.

Basi maji yanapomwagwa juu ya mmea uliolala, hakuna anayeyanywa. Hubaki katika udongo, yakafukuza hewa, na ukungu ukapata nyumba. Uozo huanzia mizizini, ukapanda katika shina, na mwenye mmea haoni kitu mpaka siku majani ya katikati yanapobadilika kuwa ya manjano, laini na yenye kung'aa kama yaliyochemshwa.

Jina la Mpumudde lenyewe, katika lugha za wenyeji, lina maana ya "nimepumzika". Ndipo mahali alipofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro tarehe 6 Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao baada ya kukamatwa mwaka 1899 na kuhamishiwa Shelisheli. Mwili wake ukapelekwa kuzikwa Mparo, Hoima. Wakazi wa mahali penye jina kama hilo hawahitaji kuambiwa sana kwamba kupumzika kuna heshima yake.

SAA ISIYO NA KALENDA

Ugumu wa Jinja ni kwamba majira yake hayakukatwa kwa kisu. Mji uko karibu sana na Ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, nalo Ziwa Victoria huleta mvua hata katika miezi ihesabiwayo kuwa ya kiangazi. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba. Lakini manyunyu ya Januari si ajabu. Mbale, chini ya Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321, kiangazi cha Desemba hadi Februari huonekana dhahiri zaidi.

Mimea ya Visiwa vya Canary nayo ina mazoea yake. Kwao mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu. Hivyo hukua kuanzia Oktoba, ikalala katikati ya mwaka. Ikiletwa Uganda huweza kuchanganyikiwa, ikalala wakati usiotazamiwa, au ikapita mwaka mzima bila kulala sawasawa. Kwa sababu hiyo mtunzaji asiifuate kalenda. Autazame mmea wenyewe, kwani ndio saa.

Dalili za kulala ni tatu: majani mapya hayatoki tena katikati, majani ya nje hukauka kuanzia chini, na duara hupungua upana, likajifunga. Zote tatu zikionekana, na shina likiwa gumu likibonyezwa, mmea ni mzima na umelala. Shina likiwa laini au jeusi, huo si usingizi bali ni ugonjwa.

UDONGO NA CHUNGU

Uhai wa mmea huu huamuliwa siku ya kuupanda. Udongo mweusi wa shamba la ndizi, ulio mzuri kwa mboga, hushika maji kupita kiasi. Yafaa kuchanganya sehemu moja ya udongo wa bustani na sehemu moja ya mchanga wa chembe kubwa uliooshwa, kisha sehemu nyingine moja ya changarawe ndogo au matofali yaliyopondwa. Vipande vichache vya makaa ya kawaida, visivyo jivu, husaidia udongo usigandamane.

Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora, maana hupumua. Asiye nacho atumie mkebe, lakini autoboe chini matundu matano au sita kwa msumari, na kuuinua juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yapite. Sahani ya kukinga maji chini ya chungu isiwekwe. Pamoja na kuozesha mizizi, maji yaliyotuama humo ni mazalio ya mbu, na hakuna kaya ya Jinja inayohitaji kuongezewa malaria.

Mahali pafaapo ni penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Upenu wa nyumba unaotazama mashariki hufaa kuliko pote, kwani mvua ya ghafla haiwezi kuupiga mmea ukiwa umelala.

UNAPOKUA

Wakati wa kukua mmea hupenda maji, ila hupenda yaje yote pamoja na kisha yakome. Umwagiwe mpaka maji yatoke chini ya chungu, halafu uachwe. Asiyejua lini arudie, atie kidole katika udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, angoje. Katika miezi ya mvua huenda zikapita siku nyingi bila haja ya kumwagia.

Maji yaelekezwe kwenye udongo, yasielekezwe katika moyo wa mmea, kwa kuwa tone lililokaa kati ya majani laweza kuanzisha uozo. Mbolea si lazima. Atakaye kutia atumie kidogo sana, mara moja mvua zinapoanza, wala asitie kabisa mmea ukiwa umelala.

Huu ndio pia wakati wa kuhamisha mmea kutoka chungu kidogo kwenda kikubwa, na wakati wa kuuzalisha. Chipukizi hukatwa kwa kisu safi, likaachwa kivulini siku tatu au nne mpaka kidonda kikauke, ndipo likapandwa katika mchanganyiko mkavu. Maji ya kwanza hutolewa baada ya wiki moja. Wengi hujaribu kuotesha jani moja moja, kama ifanywavyo kwa Echeveria za Meksiko ambazo nazo zina umbo la waridi. Lakini jani la Aeonium kwa kawaida haliotei, huoza tu.

UNAPOLALA

Mara dalili zikionekana, mmea uondolewe mvuani na kuwekwa upenuni, penye mwanga na hewa lakini pasipo jua la adhuhuri. Mmea ulio katika chungu kikubwa huweza kukaa wiki nyingi bila maji. Ulio katika mkebe mdogo hupewa vijiko vichache vya maji pembezoni mwa mkebe, mara moja kwa wiki tatu au nne, jua likishatua. Hiyo si karamu, ni kulinda tu mizizi isife kabisa.

Majani makavu yasivuliwe yote kwa pupa, kwani ndiyo nguo ya mmea. Hata hivyo, katika hewa yenye unyevu kama ya Jinja, hapana budi kuchungulia chini yake kila wiki. Humo hujificha vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaoonekana kama vipande vya pamba. Wakipatikana, wafutwe kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, na majani yaliyowaficha yaondolewe na kutupwa mbali.

Jambo gumu kuliko yote ni watu wa nyumbani. Watoto hupenda kumwagilia; mgeni mwenye huruma naye huona mmea mkavu akamimina maji aliyobakiza katika bilauri. Yafaa mwenye mmea aonye nyumba nzima mapema, kama inavyoonywa kwamba baba ametoka lindo na asiamshwe.

KUAMKA, NA KUFA KWA HESHIMA

Kuamka hakuhitaji kuharakishwa. Siku moja tumba hulegea, na katikati huonekana jani jipya la kijani kibichi. Hapo hutolewa nusu kikombe cha maji, likangojwa juma zima, kisha maji yakaongezwa taratibu mpaka mmea ukafunguka wote.

Mtunzaji ajue pia kwamba waridi la majani huchanua maua mara moja tu. Shina hurefuka kutoka katikati, likabeba maua madogo mengi, mara nyingi ya manjano, na kichwa kilichotoa maua hayo hufa baadaye. Hakuna dawa ya kuzuia kifo hicho, wala si kosa la mtu. Penye machipukizi, mmea huendelea kwa hayo. Pasipo machipukizi, hubaki mbegu, laini kama vumbi. Kwa hiyo mwenye busara hutenga chipukizi moja au mawili mapema, na kulipa jirani mojawapo.

MLIMANI USICHUKULIWE

Uzuri wa mimea hii umeiletea balaa. Huko Marekani, mimea ya Dudleya, iliyo ya jamii hiyo hiyo na yenye umbo la waridi, iliibwa kwa maelfu katika majabali ya pwani ili iuzwe Asia, hata jimbo la California likapitisha sheria maalumu ya kuilinda mwaka 2021. Afrika ya Kusini nayo imekuwa ikipambana na magendo ya mimea midogo ya jangwani.

Uganda ina sheria zake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 huhusu pia mimea ya mwituni. Mlima Elgon ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, na Mlima Moroto ni msitu wa hifadhi. Askari aliye kazini milimani akiona waridi juu ya jiwe asiling'oe aliletee kaya yake, hata kama nia ni njema. Mmea mkubwa uliozoea mwamba mara nyingi hufa ukihamishiwa mkebeni, na mahali ulipotoka hubaki jiwe tupu. Chipukizi kutoka kwa jirani hugharimu senti chache au shukrani tu, na hukua vizuri zaidi, maana limekwisha kuzoea maisha ya chungu.

MKEBE WA MPUMUDDE

Katikati ya Januari, mmea wa yule mama ulianguka upande kama mtu aliyezimia. Alipouinua, kichwa kilimbakia mkononi. Alikaa barazani akalia, na watoto wakashangaa kwamba mama analilia jani. Karibu na hapo alikuwapo mzee mmoja mstaafu wa Magereza, aliyekuwa akiotesha miche ya maua kando ya barabara. Mama akampelekea mkebe.

Mzee akaumwaga udongo, akaunusa, akatikisa kichwa. "Mama, mmea huu ulikuwa umelala. Wewe ulikuwa ukiuamsha kwa maji kila siku, nao hauna mdomo wa kukataa."

"Mzee wangu, basi hakuna la kufanya?"

Mzee akachukua kisu, akakifuta kwa spiriti, akakata. Chipukizi la kwanza lilikuwa na duara jeusi katikati ya shina, akalitupa. La pili lilikuwa jeupe na gumu, dogo kama kifungo cha shati la gwaride. Akamrudishia. "Siku nne kivulini, kisha mchanga mkavu. Halafu mama, usifanye kitu. Utaona kutofanya kitu kulivyo kazi ngumu."

Ilikuwa kazi ngumu kweli. Mwezi mzima wa Februari alipita karibu na mkebe mkono ukimwasha. Ndipo habari ikaja kwa simu kutoka Mbale kwamba mmea mama, ule uliogawanywa Septemba, umetoa maua mazuri ya manjano na kufa wote, bila kuacha chipukizi hata moja. Jirani aliuliza kwa sauti ya matumaini, "Lakini lile lako lipo, sivyo?" Mama akatazama kile kifungo ndani ya mchanga, akajibu, "Lipo. Limelala."

Mvua za Machi zilipoanza, kifungo kililegea. Kufikia Mei kilikuwa sahani ndogo, na mwaka uliofuata sahani hiyo ikazaa machipukizi matatu. La kwanza mama alilikata, akalikausha siku nne, akalifunga kavu katika karatasi ya gazeti, akampa kondakta wa basi liendalo Mbale. Juu ya karatasi aliandika kwa kalamu ya mtoto wa shule: "Likijifunga, dada, usilimwagie. Ningoje mimi nije tulitazame pamoja."